Kabla ya kumbadili mtoto, badili nyumba: mwongozo wa ulaji wa mwanafunzi

Mtoto anasukuma mboga pembeni ya sahani. Chakula alichofungiwa cha shule kinarudi kama kilivyoondoka. Saa kumi na moja jioni pakiti ya biskuti imekwisha na hakuna anayejua nani kaimaliza. Mtoto wa namna hii hupewa jina upesi: mchaguzi, mdeko, hapendi kula. Akishapewa jina, wakubwa wanaanza kumshughulikia yeye. Anabembelezwa, anatishwa, anahongwa.

Mwongozo huu unaishughulikia nyumba. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hanunui chakula cha familia, hapiki, hapangi saa za kula, wala si yeye anayeamua televisheni iwake au izimwe wakati wa mlo. Hayo yote yameshaamuliwa kabla hajakaa kula. Yeye anazoea anachokikuta. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za mtu mzima, na baadhi yake mtoto hatajua hata kama zimechukuliwa.

Si kila kitu kinatoka nyumbani. Watoto huzaliwa wakipenda utamu na kukwepa uchungu, na wapo wanaousikia uchungu kwa ukali kuliko wenzao kwa sababu ya jeni walizorithi. Woga wa vyakula vigeni nao ni wa kawaida: huwa mkali zaidi kati ya miaka 2 na 6, kisha hulegea polepole. Kwa hiyo mtoto akishaanza shule umri wenyewe unakusaidia, ilimradi nyumba isimfundishe kinyume.

Hatua ya 1: Angalia kwa wiki moja bila kugusa kitu

Chukua daftari. Kila mtoto anapokula, andika saa, alichokula, alipokula, nani alikuwa naye, na kama kulikuwa na skrini imewashwa. Andika pia kilichosemwa na wakubwa, neno kwa neno ukiweza. Na andika mlichokula ninyi wenyewe, kwa sababu hicho ndicho mtoto anachokitazama siku zote. Usimwambie kwamba unamwandika. Mtoto anayejua anachunguzwa hali kama kawaida yake.

Nyumba nyingi zitakuta jambo lenye maana kubwa limejificha kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Mtazame mtoto anaporudi shuleni. Begi linatua mlangoni, kiatu kimoja kimevuliwa na kingine bado, na mkono uko tayari kwenye kabati. Alikula mchana kidogo na haraka, tena miguu imemchoka. Biskuti ziko kwenye rafu ya usawa wa kifua chake, pakiti imeshafunguliwa. Machungwa yako jikoni ndani ya mfuko uliofungwa fundo, na kuyala kunahitaji kisu ambacho amekatazwa kukishika. Anakula biskuti akiwa amesimama, anakunywa kitu kitamu juu yake, anaenda kucheza. Saa mbili usiku anawekewa sahani ya chakula cha kweli, anachokoachokoa na kuacha mboga. Mezani wanaona mtoto anayekataa mboga, kumbe ni mtoto aliyeshiba saa tatu zilizopita.

Daftari lina faida nyingine: linakuonyesha wiki nzima badala ya sahani moja. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Leann Birch walichapisha matokeo yao kuhusu watoto wa miaka 2 hadi 5. Kiasi ambacho mtoto alikula kilipanda na kushuka sana kutoka mlo mmoja hadi mwingine, lakini jumla ya nishati aliyoipata kwa siku nzima haikubadilika sana. Mlo mmoja uliokataliwa si habari. Milo ya wiki nzima ndiyo inayoeleza jambo.

Hatua ya 2: Amua sokoni, usisubiri mezani

Ugomvi wa chakula hutokea mezani, lakini uamuzi wake ulifanyika siku ya kununua. Kilichoingia nyumbani kitaliwa, na kwa kawaida kitaliwa na watoto. Soda za wageni hunywewa na wenyeji.

Fanya hesabu rahisi ambayo watu wengi hawajawahi kuifanya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mboga na matunda angalau gramu 350 kwa siku kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10 na kuendelea. Viazi na mihogo havihesabiwi humo. Tuseme nyumba ina watu wazima wawili na watoto watatu wa miaka 6 hadi 9. Kwa wiki wakubwa wanahitaji kilo 5.6 na watoto kilo 7.35, yaani karibu kilo 13 za kuliwa, bila maganda wala kokwa. Sasa kumbuka kilichonunuliwa wiki iliyopita. Kama mboga na matunda yalitosha kuwa kilo nne, mtoto hana kosa lolote: hata angekula kila kitu kilichokuwemo ndani, kisingemtosha.

Usijaribu kuruka kutoka kilo nne hadi 13 kwa mkupuo, vitaoza na utakata tamaa. Ongeza aina moja ya tunda na aina moja ya mboga, zile ambazo mtoto tayari anazikubali hata kama kwa shingo upande. Maharage, dengu na njegere kavu ni rahisi kuhifadhi na hushibisha, kwa hiyo ziwe akiba ya siku ambazo hakuna aliyepata nafasi ya kwenda sokoni.

Upande wa vitu vitamu na vya kukaanga, punguza manunuzi badala ya kuvinunua na kuvificha. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kitu ambacho hakimo nyumbani hakimsumbui mtoto. Kitu kilichomo, anachokiona, na anachokatazwa kila siku, kinamkaa kichwani. Mwaka 1999 Jennifer Fisher na Birch walionyesha hilo kwa watoto wadogo: chakula kilichowekwa mbele yao kisha kikaruhusiwa kwa muda mfupi tu kiliwavutia zaidi, wakakizungumzia zaidi, wakakitaka zaidi. Kabati lenye kufuli lililojaa chokoleti ni jaribio hilohilo linalofanyika nyumbani kila siku.

Hatua ya 3: Panga upya macho na mikono vinapofika

Hii ndiyo hatua nafuu kuliko zote na ningeianza mara tu wiki ya daftari ikiisha. Simama jikoni, kisha piga magoti hadi macho yako yawe usawa wa macho ya mtoto. Unaona nini? Unaweza kufikia nini bila kuomba?

Matunda yaoshwe siku yanaponunuliwa na yawekwe kwenye bakuli wazi, mahali anapopita akitoka nje. Yanayohitaji kisu, kama chungwa, papai au nanasi, yamenywe na kukatwa mapema na kuwekwa mbele kabisa kwenye friji, kwenye chombo kinachoonyesha kilichomo. Kama hakuna friji, kata vipande kabla tu hajarudi na vifunikwe. Karoti iliyokwisha kukatwa vijiti italiwa. Karoti nzima yenye udongo itangoja mtu wa kuipika. Jagi la maji na kikombe chake viwe mahali asipohitaji msaada wa mtu. Biskuti, kama zipo, ziende rafu ya juu kwenye kopo lisiloonyesha ndani, bila hotuba yoyote.

Hapo hujamkataza kitu. Umebadili tu kipi ni rahisi kukipata, na mtoto mwenye njaa huchukua kilicho rahisi. Watu wazima nao ni hivyohivyo, ila sisi tunajua kutoa sababu.

Hatua ya 4: Yape matumbo saa zake

Mwanafunzi anahitaji kula kila baada ya saa tatu au nne hivi: asubuhi, shuleni, anaporudi, na usiku. Katikati ya nafasi hizo ni maji. Nyumba ambayo mtoto anadokoa kidogokidogo kutwa nzima humnyima njaa, na mtoto asiye na njaa hana sababu ya kujaribu mchicha.

Chakula cha jioni anaporudi shuleni kipewe heshima ya mlo. Kiwe kwenye sahani, akae, ale. Tunda na mkate, yai la kuchemsha na karoti, bakuli la maharage yaliyobaki mchana, mtindi na ndizi. Wazazi wengine hukiona kama kinaharibu hamu ya chakula cha usiku. Kinachoharibu hamu ni kudokoa bila mpango, na pengo la saa saba bila chakula haliwezekani kwa mtoto aliyekimbia kutwa. Kikiliwa saa kumi na nusu, kufikia saa moja na nusu usiku njaa imesharudi. Ukiweza, hapohapo weka kisahani cha mboga mbichi au zilizochemshwa kidogo wakati chakula chenyewe kinamaliziwa kupikwa. Njaa ikiwa kali na hakuna kingine mezani, mboga hupata nafasi ambayo haiipati ikiwa imekaa pembeni ya kuku.

Usingizi umo kwenye hatua hii pia, ingawa mara nyingi husahaulika. Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilipendekeza mwaka 2016 kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12 katika kila saa 24. Fuata mnyororo: chakula cha usiku kikichelewa, kulala kunachelewa, kulala kukichelewa, asubuhi ni mbio na tumbo halitaki kitu, asiyekula asubuhi hufika darasani na njaa na kununua chochote kilicho karibu. Mara nyingi dawa ya kifungua kinywa iko kwenye saa ya kulala ya jana yake.

Hatua ya 5: Kaeni naye

Skrini zizimwe wakati wa kula, na simu za wakubwa zimo. Taarifa ya habari nayo ni skrini. Mtoto anayetazama katuni hasikii tumbo lake likimwambia limetosha, na hakumbuki hata alichokula. Wengine hula zaidi, wengine hukaa na tonge mdomoni dakika tano. Wote wawili hawajifunzi chochote kuhusu chakula kilicho mbele yao.

Kisha mtu mzima ale chakula kilekile, akionekana. Mtoto ambaye baba yake huchagua vitunguu na kuviweka kando ameshapata somo la vitunguu, hata kama mama anasema vina faida. Huna haja ya kuigiza furaha kubwa na kusema "Mmh, mchicha mtamu kweli!" Watoto wa shule huutambua uigizaji mara moja. Kula tu, na uzungumze habari nyingine: mechi, mwalimu, jirani, ndoto ya jana.

Kama kazi haziruhusu kukaa pamoja kila usiku, usiache kabisa. Asubuhi inahesabiwa. Mtu mzima mmoja anatosha. Mara tatu kwa wiki zenye utulivu ni bora kuliko mara saba za kugombana.

Hatua ya 6: Gawaneni kazi, na kila mtu abaki kwenye yake

Hapa ndipo penye ugumu, na ndipo ningetumia nguvu nyingi zaidi.

Tangu miaka ya 1980 Mmarekani Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe, amefundisha mgawanyo ambao ni rahisi kuutamka na mgumu kuufuata. Mzazi anaamua kiliwe nini, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua kama atakula, na atakula kiasi gani. Vurugu nyingi za mezani hutokea pale mmoja anapofanya kazi ya mwenzake: mtoto anapoachiwa kuamua kipikwe nini, au mzazi anapotaka kuamua vijiko vingapi viingie kwenye tumbo ambalo si lake.

Mambo manne husaidia mgawanyo huu usimame.

La kwanza, kila mlo uwe na angalau kitu kimoja ambacho mtoto hukila bila shida, kama wali, mkate, viazi au maharage. Ukishahakikisha hicho kipo, humpikii tena chakula chake cha pekee. Jiko la pili kwa ajili ya mtoto mmoja humchosha mpishi na humfundisha mtoto kwamba akikataa, litatokea jingine.

La pili, aachwe ajipakulie mwenyewe, hata akianza na kijiko kimoja cha mboga au bila mboga. Bakuli linapita mbele yake, na wengine wanapakua. Mtoto aliyejipakulia mwenyewe humaliza mara nyingi kuliko aliyejaziwa sahani.

La tatu, acha "maliza sahani". Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Amy Galloway na wenzake, waliwapa watoto wadogo supu. Kwa baadhi yao mtu mzima alirudiarudia kuwahimiza wamalize, na kwa wengine alinyamaza. Walioachwa kimya walikula zaidi, na waliohimizwa walisema maneno mabaya zaidi kuhusu supu. Himizo lenyewe lilikuwa la upole, wala hakuna aliyepiga kelele. Kama himizo la upole linafanya hivyo, fikiria fimbo.

La nne, na hili ndilo gumu kuliko yote kuliacha kwa sababu linaonekana kufanya kazi: "Kula mboga kwanza ndipo upate biskuti." Ni kweli, leo mboga italiwa. Lakini sikiliza sentensi hiyo kwa masikio ya mtoto wa miaka 7. Biskuti ni zawadi. Mboga ni malipo yanayotolewa ili zawadi ipatikane. Hakuna anayelipwa ili afanye jambo la kufurahisha, kwa hiyo mboga lazima ni mbaya. Utafiti wa Birch na wenzake wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba watoto waliopewa zawadi ili wanywe kinywaji fulani walikuja kukipenda kidogo kuliko mwanzo. Kuna tofauti moja ya kutaja kwa haki: Lucy Cooke na wenzake huko London walikuta mwaka 2011 kwamba stika au sifa kwa kuonja kipande kidogo cha mboga asiyoipenda ilisaidia. Angalia yaliyobadilika pale. Zawadi si chakula, kinachotakiwa ni kuonja tu, na hakuna sahani ya kumaliza.

Itakuwaje akisema "Sitaki" na kusukuma sahani? Jibu liwe fupi na la sauti ya kawaida: "Sawa, si lazima ule. Kaa nasi kidogo." Na akirudi baada ya nusu saa akisema ana njaa: "Najua, mwanangu. Chakula cha asubuhi ni saa kumi na mbili na nusu." Kama nafasi hadi mlo unaofuata ni ndefu, kile alichokiacha kinaweza kuwekwa tena mbele yake, kilekile, bila maneno. Usiku wa kwanza utakuwa mgumu kwa mzazi kuliko kwa mtoto. Mtoto mwenye afya aliyeruka mlo mmoja atafidia kesho. Asichotakiwa kupata ni hotuba, wala pakiti ya biskuti saa tatu usiku kwa sababu mtu amemwonea huruma.

Hatua ya 7: Mtambulishe chakula kipya kama anavyotambulishwa mgeni

Mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kimoja mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Wazazi wengi huacha baada ya mara ya tatu na kutoa hukumu kwamba "yeye hali bilinganya". Kukutana kunaweza kuwa kuiosha, kuinusa, kuona wengine wakila, kulamba na kutema kwenye kitambaa. Kipande kiwe kidogo kama punje ya njegere. Kirudi baada ya siku chache, kisha tena.

Badilisha mapishi kabla ya kulaumu ulimi. Kabichi ikichemshwa muda mrefu hutoa harufu nzito ya salfa, na pua ya mtoto huisikia kabla ya mdomo. Ikikaangwa dakika chache hadi ibaki na mkwaruzo, ni mboga nyingine kabisa. Mboga chungu hulainika kwa mafuta kidogo, chumvi kidogo na tone la ndimu. Ndimu inafanya kazi ya pili: vitamini C yake husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani na maharage. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo kikombe cha chai kisubiri saa moja baada ya chakula.

Mpe mtoto kazi halisi jikoni. Wa miaka 6 anaweza kuosha majani na kuambua njegere. Wa miaka 9 anaweza kukata kwa kisu kidogo ukiwa kando yake. Wa miaka 12 anaweza kupika mlo mzima mara moja kwa wiki, na atajua ghafla inavyouma mtu akisukuma sahani. Usimfichie mboga ndani ya chakula kingine halafu umcheke alipoila. Siku akigundua, atakagua kila sahani.

Hatua ya 8: Shuka kwenye sukari bila vita

Soda ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingefaa ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, asilimia 10 ni gramu 40. Soda moja imekaribia kumaliza posho ya siku nzima. Juisi uliyoikamua mwenyewe nayo imo kwenye hesabu hiyo, tunda zima halimo.

Anza na vinywaji, kwa sababu ndiko sukari ilikojaa na ndiko mtoto hahisi kushiba. Kwenye chai na uji punguza nusu kijiko kila wiki; ulimi huzoea bila kulalamika ukishuka taratibu. Nyumbani kinywaji cha mlo kiwe maji, kwa watu wote.

Pipi na keki usizipe cheo. Pangeni siku yake, au ziwekwe siku moja moja pamoja na chakula, kipande kimoja kwa kila mtu, bila masharti na bila kuhesabu nani alimaliza nini. Sikukuu na sherehe ziachwe ziwe sikukuu. Mtoto anayepigwa jicho kila anapogusa keki kwenye harusi atajifunza kula akijificha.

Hatua ya 9: Chakula cha kubeba

Fanyeni majaribio Jumamosi. Mpe kontena lake, mpe dakika 15, muache afungue mwenyewe. Utashangaa mara ngapi tatizo ni mfuniko. Kikirudi hakijaliwa, uliza kama mtu anayetaka kujua: muda ulikuwa mfupi, kilinuka, wenzake walimcheka, kilikuwa kimepoa? Usianze na "kwa nini hukula?" Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, kwa hiyo kama hakuna chupa ya kutunza joto, mfungie vitu visivyoharibika haraka: mkate, tunda zima, karoti mbichi, karanga kama shule inaruhusu na hakuna mwenye mzio.

Hatua ya 10: Wakubwa wote waseme jambo moja

Kazi ya mwezi mzima inaweza kubomolewa na mtu mmoja mwenye upendo. Bibi, babu, shangazi, dada wa kazi, baba anayerudi na zawadi mfukoni: kila mmoja ana njia yake ya kumfurahisha mtoto. Ukiwaendea na makatazo utapata ugomvi. Waendee na kazi. "Mama, wewe ndiye umpe tunda akitoka shule, akilipata kwako analila bila kubishana." Bibi aliyekabidhiwa kitu cha kumpa mjukuu hahitaji tena pipi.

Kubalianeni pia kuhusu maneno ya mwili. Nyumbani asiitwe kibonge wala kijiti, hata kwa utani, hata na ndugu zake. Watu wazima nao wasilalamikie matumbo yao mezani na kutangaza kwamba kuanzia kesho hawali wanga. Mtoto wa miaka 10 anasikia yote na kuyageuzia mwili wake.

Mpangilio wa kuanza

Usizichukue hatua zote wiki moja. Ningeanza na rafu na bakuli la matunda, kisha mlo wa saa kumi na nusu, kisha skrini, na ndipo niguse maneno ya mezani. Kila badiliko lipe wiki mbili au tatu kabla ya jingine. Siku tatu nne za mwanzo tegemea malalamiko, hasa kwenye skrini na soda. Malalamiko hayo yanaonyesha kwamba mtoto ameona badiliko, basi.

Yasiyotibika kwa kupanga kabati

Yapo mambo ambayo nyumba haikuyasababisha na haiwezi kuyaondoa. Mpeleke mtoto kwa daktari kama anapungua uzito au haongezeki urefu na uzito kwa miezi, kama anapaliwa au kutapika mara kwa mara akila, kama tumbo linamuuma au choo ni kigumu kwa wiki nyingi, kama amepauka na kuchoka, au kama vyakula anavyovikubali vinazidi kupungua badala ya kuongezeka hadi vimebaki vichache vya kuhesabika. Woga mkali unaomfanya atetemeke au alie akiona chakula si udekaji. Upo ugonjwa wa ulaji wa kukwepa vyakula ambao umetambuliwa rasmi kitabibu tangu mwaka 2013, na una wataalamu wake. Vivyo hivyo mtoto mkubwa anayeanza kuruka milo, kwenda chooni kila baada ya kula, au kujipima uzito kila siku: hapo usingoje wiki tatu. Na mnapozungumza na daktari kuhusu hayo, omba dakika chache mtoto akiwa nje ya chumba, kisha yeye naye apewe zake bila wewe.